Nilimrudisha kasa wa ndara aliyekatika pezi

Kasa mwenyewe ana ukubwa wa sahani ya wali. Nilimnunua kwa shilingi 900 mwezi wa Machi kutoka kikundi kimoja cha jamii cha Mikindani, Mombasa, zawadi ya mjukuu wangu mwenye miaka sita, asiyependa wanasesere. Amechongwa kwa ndara kuukuu, hizi kandambili za mpira, zilizookotwa pwani na kugandishwa tabaka juu ya tabaka. Gamba ni kijani na buluu, kichwa chekundu, na ukimpindua utaona tumboni kishimo cha kidole gumba cha mtu aliyeivaa ndara hiyo kabla bahari haijaichukua. Alipendeza. Alidumu siku kumi na moja. Siku ya kumi na mbili pezi la kushoto likabaki mkononi mwa mtoto, kasa akabaki sakafuni, na kilio kikafika hadi kwa muuza makaa kule chini.

Watu wengi wakinunua kitu cha kusaidia jamii na kikaharibika, hunyamaza. Wanaona haya kudai, kana kwamba sadaka na bidhaa ni kitu kimoja. Mimi bandari ilinifunza vingine. Nilikuwa karani wa kuhesabu shehena Kilindini kwa miaka 31, tali klaki kama tulivyojiita, na kazi ya tali klaki ni rahisi kuieleza ila ngumu kuifanya. Manifesti, yaani orodha ya shehena, ikisema magunia 600 na wewe umehesabu 598, unaandika 598, hata kama nahodha wa meli atakununia. Basi nikamfunga kasa na pezi lake kwenye gazeti, nikapanda matatu ya Mikindani.

Jina la kikundi sitaliandika. Mwenyekiti ndiye aliyeniomba, na sababu yake nitaieleza. Ni kikundi cha jamii kilichosajiliwa, kina vitalu vya miche ya mikoko ukingoni mwa hori la Tudor upande wa bara, kina karakana ya kuchonga ndara na kusuka plastiki, na Jumamosi huwatembeza wageni na watoto wa shule kwenye mikoko. Mtaa mzima unakijua. Ukiwauliza wauza samaki utaelekezwa.

Nilikwenda na kinyongo, nakiri. Miaka kadhaa nyuma nilichangia chama kingine cha mazingira, nacho pia sitakitaja, kilichotuuzia fulana za kusafisha ufuo. Fulana tukavaa, ufuo tukasafisha asubuhi moja, picha zikapigwa. Viroba vya takataka vikaachwa pale pale mchangani hadi maji ya bamvua, yale yanayojaa sana, yakaja kuvichukua. Nilipouliza viongozi ni akina nani, nikaonyeshwa bango.

Hawa wa Mikindani nilipouliza nizungumze na nani, msichana mmoja akanijibu, "Shikamoo babu. Kamati imekaa pale chini ya mti wa mkungu, nenda tu."

Nikaenda. Watu saba, viti vya plastiki vya kukodi, thermosi ya chai ya tangawizi, sinia la mahamri lililofunikwa kwa kawa. Wanawake wanne, wanaume watatu. Mwenyekiti ni mvuvi aliyestaafu, mikono yake imejaa makovu ya mishipi. Katibu ni mwalimu wa shule ya msingi. Mweka hazina ni mama anayeuza viazi karai jioni kituoni, na ndiye ninayetaka kumsema kwa kirefu.

Nyuma yake palikuwa na kamba ya kuanikia nguo, imefungwa kutoka mkungu hadi nguzo ya karakana. Haikuwa na nguo. Ilikuwa na risiti, zimebanwa kwa vibanio, moja moja kwa tarehe: gundi, petroli ya boti, misumari, unga wa mahamri, nauli ya kwenda kuchukua mbegu. Karatasi za juma hilo zilikuwa bado nyeupe, za juma lililopita zilishaanza kupigwa na jua. Mwisho wa mwezi huziteremsha, hubandikwa kwenye daftari, na kamba huanza upya. Nikamwambia, mama, bandarini tulikuwa na makabati ya chuma na bado karatasi zilipotea. Akacheka. "Nguo inayoanikwa ni ile iliyofuliwa, baba."

Nilisoma kamba yote. Sikuweza kujizuia. Nikajumlisha kichwani, nikaangalia daftari lake, tofauti ilikuwa shilingi 40. Akaniambia kabla sijafungua mdomo: zile 40 ni za boda aliyekataa kuandika risiti, na jina lake liko pale pembeni.

Wakaniuliza haja yangu. Nikafungua gazeti. Katibu akaandika, nami nilimwona akiandika: "Ajenda ya tatu, kasa wa mzee." Nikadhani ni mzaha. La. Ilipofika zamu yangu, fundi aliitwa kutoka karakana, kijana wa miaka ishirini na kitu, mavumbi ya ndara yamemjaa nyusi. Akamgeuza kasa, akalinusa pezi, akasema, "Ni ile gundi ya bei nafuu."

Hapo ndipo nilipoanza kuwaheshimu. Kumbe gundi ilibadilishwa na kamati yenyewe mwezi wa Februari ili kuokoa pesa. Kijana alikuwa amewaonya, wakampuuza. Mwenyekiti akavua kofia yake, akamwambia mbele yangu na mbele ya wote: "Kosa ni letu, si lako. Ulisema, tukapiga kura bila kukusikiliza." Kisha akanigeukia, akanipa hiari: pesa zangu 900 nirudishiwe, au kasa atengenezwe. Nikachagua atengenezwe, maana mjukuu wangu hakutaka kasa mwingine, alimtaka huyo.

Nilidhani yamekwisha. Mweka hazina akafungua daftari lake la mauzo, akapitisha kidole. Tangu gundi mpya ianze, vitu 23 vilikuwa vimeuzwa. Namba za simu alikuwa nazo 14. Akampa katibu simu, na yule mwalimu akaanza kuwapigia wanunuzi pale pale, mmoja mmoja: "Samahani dada, ulichukua twiga kwetu mwezi uliopita. Je, miguu ipo?" Wawili walikuwa tayari na miguu mkononi. Niliwahi kuona kampuni kubwa za meli zikikana kontena zima. Kuona kikundi kinachokunywa chai kwenye vikombe visivyofanana kikitafuta hasara yake chenyewe, wallahi nilinyamaza.

Wakanimiminia chai, wakasema nisubiri kasa akauke. Kwa hivyo nikaisikia ajenda ya nne, ambayo haikunihusu, na ndiyo niliyokwenda nayo nyumbani.

Hoteli moja ya pwani ya kaskazini ilikuwa imeagiza kasa 400 wa kuwapa wageni wake. Oda kubwa kuliko zote walizowahi kupata. Tatizo likawa ndara zenyewe. Stoo ilikuwa na viroba vitatu, na hesabu ya fundi ilikuwa kwamba viroba hivyo vinatoa kasa 150, labda 160 wakibana. Zilizobaki zitoke wapi? Bahari haichukui oda. Ndara huja kwa msimu wake: masika ikinyesha, mitaro ya mji inashusha kila kitu horini, na baada ya hapo ndipo unaokota hadi unachoka. Tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Agosti 2017, mifuko imepungua kweli, lakini chupa na ndara hazikulisikia tangazo.

Mjumbe mmoja akasema tukanunue ndara mpya Kongowea kwa bei ya jumla, tuzikate. Nani atajua?

Pakawa kimya, na kimya chenyewe kilikuwa cha watu wanaopiga hesabu ya kodi ya nyumba. Fundi akasimama mlangoni mwa karakana na tupa mkononi. Akasema yeye na wenzake watano wanalipwa kwa kipande, na kasa 250 zaidi ni ada ya shule ya mwaka kwa mtu. Akasema alipokuwa shuleni, mwaka 2019, alipelekwa kutazama Flipflopi ilipotia nanga Mombasa, lile jahazi lililoundwa Lamu chini ya fundi Ali Skanda kwa plastiki kuukuu na kuvikwa ndara za rangi rangi, likiwa safarini kwenda Zanzibar. "Siku ile niliona takataka ni mali. Sasa mnaniambia mali imeisha?"

Maneno yake yalikuwa na uzito. Mimi ningeyumba. Mweka hazina hakuyumba. Akasema: mgeni atakayempokea yule kasa ataambiwa ametoka baharini. Kama ametoka dukani Kongowea, basi tumenunua takataka tupate kuuza usafi. Akapiga hesabu kwa sauti: bei ya ndara mpya, gundi ile nzuri, kazi, na faida inayobaki. Faida ilikuwepo. Hakuificha. Akasema tu kwamba yeye mkono wake hautainuka.

Wanne wakakataa, watatu wakakubali. Wakaamua hoteli iambiwe kasa 150 sasa na waliobaki baada ya mvua, au ichukue mikeka ya plastiki badala yake. Hoteli ikachukua 150 na haikusema neno kuhusu waliobaki. Fundi aliondoka bila kuaga siku ile. Aliponikabidhi kasa wangu pezi lilikuwa limegandishwa kisha likashonwa kwa mshipi wa kuvulia samaki, mishono minane mikubwa. Halijalegea hadi leo.

Hapa ndipo penye lawama yangu kubwa, na niliwaambia ana kwa ana kabla sijaiandika. Wachongaji hawana kiti katika kamati. Wanaitwa, wanasikilizwa, wanarudishwa karakana, kisha watu wasiochonga wanapiga kura juu ya gundi na juu ya oda. Gundi ilishawafundisha mara moja. Mwenyekiti alikubali kwa kichwa, katibu akaandika. Nilipokwenda tena mwezi wa Juni, ilikuwa bado ni ajenda. Ajenda nazijua mimi, zinaweza kukaa daftarini hadi wino ufifie.

Safari ya Juni nilikwenda na wajukuu watatu kama mteja wa kawaida. Mtu mzima ni shilingi 500, mtoto 200, chai na mahamri mawili ndani yake. Tuliambiwa saa mbili asubuhi, tukaanza saa nne kasorobo. Udhuru wao ulikuwa maji, kwamba lazima yapwe kwanza. Sawa, lakini maji ya Mombasa hayakuanza kupwa na kujaa jana, na jedwali la bandari linauzwa. Mvuvi mzima anajua bamvua inaangukia lini.

Yakishapwa, hata hivyo, ni starehe. Kiwango cha maji wakati wa bamvua kinashuka karibu mita 4, na hori linageuka uwanja wa matope wenye njia. Kiongozi wetu alikuwa mwenyekiti mwenyewe, si kijana wa kuajiriwa. Wana kanuni, na hii ndiyo iliyonipendeza kuliko zote: mjumbe asiyeshuka matopeni walau mara moja kwa mwezi hapigi kura mkutano unaofuata. Daftari la mahudhurio la matopeni liko tofauti na la mkutano. Mwalimu aliwahi kukosa kura yake kwa sababu ya mitihani ya shule, na hakuna aliyemwonea huruma.

Mzee yule anaieleza miti kama anayewatambulisha jamaa zake. Mlilana unakaa mbele, unapigwa na mawimbi kwanza, na mbao zake zilifanya mataruma, zile mbavu za vyombo vya baharini. Mkoko unasimama kwa magongo yake, na mbegu yake huota ingali juu ya mti, ikianguka inajichoma yenyewe kwenye tope. Mkandaa, muia, kisha mchu nyuma kabisa. Aliwaambia watoto walambe jani la mchu. Wakalamba, wakatema, wakalamba tena. Chumvi! Mti unakunywa maji ya bahari na kutolea chumvi majanini. Mjukuu wangu wa kiume alilamba majani hadi nikamzuia.

Akawaonyesha ile mizizi ya kupumulia iliyosimama topeni kama vidole, akawaambia ukiifunika mti unakufa, na ndivyo ilivyokuwa kwenye hori la Mwache mvua za El Niño za 1997 na 1998 ziliposhusha mchanga kutoka bara. Mimi nikakumbuka mafuta yaliyomwagika hori la Makupa mwaka 1988. Nilikuwa kazini, harufu ilitukaa puani siku nyingi. Tukakaa kidogo wazee wawili tukihesabu misiba ya mahori yetu, watoto wakitusubiri.

Kisha tukapanda miche, na hapa nataka wasomaji wasikie vizuri. Vikundi vingi vinakupa mche, unauchomeka popote, unapigwa picha, unakwenda zako. Huyu mzee aling'oa mche wangu. Kwa adabu, lakini aliung'oa. "Mzee mwenzangu, hapa ni pa mlilana. Mkoko ukiuweka huku mbele mawimbi yatauchukua kabla ya Ramadhani." Akaniambia kuna mistari ya mikoko iliyopandwa na wageni ikafa yote kwa sababu kila mtu alitaka kupanda penye mandhari nzuri. Hesabu yao ya miti hawaifanyi siku ya kupanda. Wanangoja masika mbili zipite, ndipo wanakwenda na kamba ya mafundo kuhesabu iliyo hai. Na bandarini ilikuwa hivyo hivyo, mzigo tuliuhesabu unaposhuka.

Nilimuuliza kwa nini hawauzi fito na boriti kidogo, pesa ipatikane. Nyumba ya babu yangu Kibokoni dari yake yote ni boriti za mikoko, na vyumba vyembamba kwa sababu boriti haikuwa ndefu zaidi ya hapo. Akasema mikoko hii ni msitu wa serikali tangu 1932, kukata bila kibali ni kosa, na vibali vina njia yake kupitia chama cha jamii cha msitu. Kisha akanitajia Gazi, kule Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji wa Mikoko Pamoja wanauza hewa ya kaboni inayohifadhiwa na mikoko ya hekta 117 na pesa zinaingia kwenye maji na shule. Macho yake yaling'aa alipokuwa akitaja. Nilimwambia Gazi wana ghuba, ninyi mna mitaro ya mji mzima inayomwagikia hapa. Akasema, "Ndiyo maana tuna ndara."

Sasa lawama ndogo ndogo. Choo hakuna. Kuna nyumba ya jirani, mama mkarimu, lakini huwezi kupeleka darasa zima la watoto kwa mama mkarimu. Boti ina maturubai yaliyochanika. Karakana inanuka gundi na haina dirisha la kutosha, na hili si dogo kwa vijana wanaoshinda humo, nilisema nalo likaandikwa. Mwenyekiti akianza hadithi ya papa wa mwaka fulani, kaa kitako. Simu yao huzimwa siku za mkutano. Bei za vitu vya karakana hazikuandikwa, inabidi uulize, na ukiuliza kwa Kiingereza nimeshuhudia bei ikipanda kidogo. Nilimtazama muuzaji, akaishusha.

Vaeni viatu vya mpira vya kufungwa kamba. Ndara matope yanazichukua, na hapo utakuwa umewachangia karakana bila kutaka. Chukueni maji ya kunywa na nguo za kubadilisha. Mahamri ni mazuri, mbaazi hakuna, mwenye kutaka mbaazi aje nazo.

Na lile jina. Wakati wa kuagana nilimwambia mwenyekiti nitawaandika. Akasema niandike nitakavyo, mazuri na mabaya, ila nisiwataje. "Tuna boti moja na mitumbwi miwili. Ukitutaja watakuja hamsini kwa siku, na watu hamsini matopeni ni kundi la ng'ombe. Watakanyaga miche." Nimewaona watu wa bango na fulana wakilipia kutajwa. Huyu anakuomba umfiche ili miche yake isikanyagwe.

Mweka hazina alinisindikiza hadi barabarani. Akaniuliza, kama kwa mzaha, kama ningeweza kuja kila mwisho wa mwezi kuihesabu kamba ile kabla haijateremshwa, mtu wa nje, asiye na kura. Nikamwambia goti langu linauma na Mikindani ni mbali. Akasema mwisho wa mwezi unaangukia Jumatatu na atakaanga viazi.

Nyota nne. Ya tano iko kwangu, nitaitoa mchongaji akipata kiti na choo kikipata mlango. Jumatatu nitakwenda na miwani yangu ya kusomea.